Mama ng'ambo, mtoto huku: la kufanya mpaka unapotenga familia

Mto Ruzizi, unapotoka Ziwa Kivu hapa Bukavu, ni mwembamba. Ukisimama kwenye daraja la Ruzizi ya kwanza unaona watu wa upande wa Rwanda wakienda kwenye shughuli zao. Lakini umbali kati ya mama na mtoto wake haupimwi kwa upana wa mto. Bariyeri ikifungwa, karatasi ikikosekana, au vita vikiingia katikati, mita chache za maji hugeuka miezi, na mara nyingine miaka.

Katika makanisa mengi ya jimbo letu kuna nyumba inayolea mtoto ambaye mama yake yuko ng'ambo. Wengine ni watoto wa ndugu, wengine wa jirani, wengine walikutwa njiani siku za kukimbia. Tunawapenda, tunawalisha, tunawapeleka shule ya Jumapili. Hata hivyo wengi wetu hatujui njia ya kuwarudisha kwa mama zao, wala hatujui kwamba njia hiyo ipo. Makala hii inaeleza jinsi familia zinavyotenganishwa, sheria inasema nini, utafutaji unavyokwenda, na kanisa la mahali linaweza kufanya nini.

Mpaka katikati ya jamaa

Kabla ya kuwa mpaka, Ruzizi ilikuwa mto tu. Wabelgiji na Wajerumani ndio waliokubaliana mwaka 1910 kwamba ziwa na mto vitenge makoloni yao. Mto huo unashuka zaidi ya kilomita 100 hadi Ziwa Tanganyika, kwanza kati ya Kongo na Rwanda, kisha kati ya Kongo na Burundi. Watu wa pande zote mbili waliendelea kuoana, kuuziana na kuzikana. Kwa hiyo mama anayevuka hajioni kama mtu anayehama nchi. Anajiona anaenda sokoni, kwa dada yake, au kutafuta mahali pa kulala kwa amani.

Wakaaji wa mipakani wamezoea kuvuka kwa karatasi ya siku moja tunayoiita jeto, kufuatana na desturi za CEPGL, jumuiya iliyoundwa mwaka 1976 na Kongo (wakati ule Zaire), Rwanda na Burundi. Karatasi hiyo inamfaa mtu anayeondoka asubuhi na kurudi jioni. Haimsaidii mama anayekuta bariyeri imefungwa saa ya kurudi.

Njia nne za kutenganishwa

Njia ya kwanza ni ya kila siku. Mama anavuka kwenda kuuza au kununua, mtoto anabaki kwa bibi yake Panzi au Kadutu. Jambo likitokea mchana, jioni yuko upande mbaya. Tuliona hivyo Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya COVID-19. Watu waliokuwa wamevuka kwa siku moja walijikuta wageni katika nchi ya jirani, na biashara ndogo ya bamama ikakatika kwa muda mrefu.

Njia ya pili ni vita. Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu baada ya kuuchukua uwanja wa ndege wa Kavumu, familia nyingi zilikuwa tayari barabarani, zikishuka kuelekea Kamanyola na bonde la Ruzizi. Katika majuma machache watu zaidi ya 60,000 walivuka kuingia Burundi, wengi wao wanawake na watoto. Baadhi walipita mtoni kwenyewe, na wako waliozama. Uwanja wa michezo wa Rugombo ulijaa, kisha wengi wakapelekwa Musenyi, kusini mwa Burundi. Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, maelfu wengine wakavuka tena. Katika mbio za namna hiyo mama anambeba mdogo, mkubwa anamshika mkono shangazi, na kwenye njia panda shangazi anageukia upande mwingine.

Njia ya tatu ni kazi. Mama anaenda Kampala, Nairobi au mbali zaidi, akiwa na nia ya kutuma pesa ya shule na kurudi baada ya mwaka. Kisha hati inaisha muda, au simu inaibiwa, au tajiri wake anashikilia pasipoti. Mtoto aliyeachwa kwa bibi anakua akiijua sauti tu ya mama yake, na sauti nayo siku moja inanyamaza.

Njia ya nne ni ile ya mstari wa vita ndani ya nchi yetu wenyewe. Mtu wa Bukavu na mtu wa Fizi ni raia wa nchi moja, lakini kwa miezi mingi barabara kati yao imekatwa. Zamani wengi waliokwenda Uvira walikwepa milima ya Ngomo kwa kupita upande wa Rwanda hadi Bugarama, kisha wakarudi Kongo kwa Kamanyola. Kila mstari mpya unaochorwa unafunga njia kama hizo. Zaidi ya hayo, Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Mama aliyekimbilia Rwanda na mtoto aliyefikishwa Burundi wako katika nchi mbili jirani, lakini hawawezi kufuatana kwa barabara ya kawaida.

Aliyetenganishwa si yatima

Wanaofanya kazi ya kulinda watoto hutumia maneno mawili ambayo inafaa tuyajue. Mtoto aliyetenganishwa ni yule asiye na baba wala mama lakini yuko na ndugu mwingine mkubwa: bibi, mjomba, dada aliyekomaa. Mtoto aliye peke yake ni yule asiye na ndugu yeyote mkubwa wa kumtunza. Wote wawili wanaweza kuwa na wazazi walio hai. Kwa hiyo neno "yatima" lisitumiwe mpaka kifo kijulikane kwa hakika.

Somo hili eneo letu lililipata kwa machozi. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 huko Rwanda, zaidi ya watoto 100,000 waliandikishwa katika eneo la Maziwa Makuu kuwa wametengana na jamaa zao. Wengi walikuwa katika kambi zilizokuwa hapa Kivu, kama Kashusha na Inera upande wa Kavumu. Mwaka 1996 kambi zilipotawanywa, familia zilizokuwa zimekwisha kuonana zilipotezana tena katika misitu ya kuelekea Shabunda na Kisangani. Wengi walidhani watoto wale hawana tena mtu. Kumbe kwa maelfu walikuwa na mama, baba, au shangazi aliyekuwa akiwatafuta. Wadogo sana, wasioweza kusema majina yao, walipigwa picha, na picha hizo zikaonyeshwa kijiji kwa kijiji mpaka mtu fulani aseme: huyu ni wetu.

Kumwita mtoto yatima kabla ya wakati kuna matokeo. Mtu akiamini mama amekufa, haendi kuandikisha mtoto. Anambadilisha jina, anampeleka kituo cha watoto, au anamkabidhi kwa mgeni mwenye ahadi nzuri. Kila hatua ya namna hiyo inafuta alama ambazo mama angezifuata.

Sheria inasema nini

Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto ni wa mwaka 1989. Kongo na Burundi ziliukubali mwaka 1990, Rwanda mwaka 1991. Kifungu cha 9 kinasema mtoto asitenganishwe na wazazi wake ila pale inapohitajika kwa faida yake mwenyewe. Kifungu cha 10 kinataka maombi ya kuvuka mpaka ili familia iungane yashughulikiwe kwa moyo mwema, kwa utu na bila kukawia. Kifungu cha 22 kinahusu mtoto mkimbizi: nchi aliyomo inapaswa kusaidia kuwatafuta wazazi wake.

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, unasema jambo hilo wazi zaidi katika kifungu cha 25: pale vita au misiba ya asili inapotenga watoto na wazazi, nchi zichukue hatua zote za kuwatafuta na kuwaunganisha. Tena Mkataba wa wakimbizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wa mwaka 1969, unakataza kumrudisha mpakani mtu anayekimbia hatari.

Hapa Kongo tunayo sheria nambari 09/001 ya Januari 10, 2009 ya kulinda mtoto. Inamhesabu kuwa mtoto kila mtu asiyefikia miaka 18. Inampa haki ya kuandikishwa katika siku 90 baada ya kuzaliwa, bila malipo. Pia inakataza na kuadhibu kumshitaki mtoto kwa uchawi. Jambo hili la mwisho tutalirudia, maana linagusa milango ya makanisa yetu.

Utafutaji unavyokwenda

Kazi ya kutafuta watu waliotenganishwa na vita ni ya zamani. Mwaka 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua ofisi huko Geneva ya kupokea habari za wafungwa na kuzifikisha kwa jamaa zao. Kazi hiyo haijakoma. Leo inafanywa na kamati hiyo tunayoiita CICR, pamoja na Croix-Rouge ya kila nchi: ya Kongo, ya Burundi, ya Rwanda, ya Uganda, ya Tanzania. Huduma hii ni ya bure tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu akikuomba pesa ili "afungue dosye", huyo si mtumishi wa kazi hii.

Hatua ya kwanza ni kuandikisha. Mama anaweza kufungua ombi la kumtafuta mtoto, na mtoto naye anaweza kufungua ombi la kumtafuta mama. Inafaa pande zote mbili zifanye hivyo, bila kila mmoja kungoja mwenzake. Watauliza majina yote, pamoja na jina la nyumbani, majina ya baba, mama na babu, mahali pa kuzaliwa, avenue au kijiji, lokaliti na grupema, umri, lugha, shule, kanisa, alama za mwilini, siku na mahali walipoonana mwisho, na nani alikuwa nao. Hata habari ndogo ina kazi. Mtoto wa miaka minne hajui jina la komine yake, lakini anaweza kujua jina la mbwa wa jirani au wimbo wa kwaya ya mama.

Hatua ya pili ni kupeleka habari ng'ambo. Wafanyakazi na wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu upande wa pili wanatafuta kambini, mitaani na katika orodha zao. Mkimbizi aliyeandikishwa na HCR, au na ofisi ya serikali inayosimamia wakimbizi, kama ONPRA kule Burundi na CNR hapa Kongo, anapatikana kwa urahisi kuliko yule anayejificha kwa rafiki mjini. Ndiyo maana tunawashauri ndugu zetu walio ng'ambo wasiogope kuandikishwa kwa majina yao ya kweli.

Hatua ya tatu ni habari ya kwanza. Mara nyingi inakuja kwa simu. Pale ambapo simu haifiki, kuna ujumbe wa Msalaba Mwekundu: karatasi iliyo wazi, yenye habari za jamaa tu. Unaandika kwamba uko mzima, mtoto ameanza kutembea, bibi anasalimia. Haukubali habari za siasa wala za vita, na kwa sababu hiyo unaweza kuvuka mahali ambapo barua nyingine zingezuiliwa.

Hatua ya nne ni kuhakikisha. Hapa wengi wanakosa uvumilivu na kusema: "Mama ameonekana, kwa nini mtoto asipewe leo?" Tukumbuke Sulemani na wale wanawake wawili katika 1 Wafalme 3. Wote wawili walisema mtoto ni wao, na mfalme hakuamua kwa sauti ya juu zaidi. Katika siku za vita kuna watu wanaotafuta watoto kwa ajili ya kazi za nyumbani, machimbo, au mabaya zaidi. Kwa hiyo mama anaulizwa peke yake, mtoto anaulizwa peke yake, na majibu yanalinganishwa.

Hatua ya tano ni kukubaliana. Wanamwuliza mama kama anaweza kumpokea, na mtoto kama anataka kwenda. Wanaangalia pia kama mahali penyewe pana usalama. Mara nyingine jibu ni kwamba mtoto abaki kwanza alipo na awe anaongea na mama kwa simu, mpaka njia itulie. Huko si kushindwa. Mtoto anayejua mama yake yuko wapi hayuko tena katika hali ya yule asiyejua.

Hatua ya sita ni safari, na ya saba ni kufuatilia. Mtoto anasindikizwa na watu waliopewa kazi hiyo, viongozi wa nchi zote mbili wakijua, na hati zikiwa tayari. Baadaye wanarudi kuangalia anavyoendelea, maana mtoto aliyeachana na mama akiwa na miaka mitatu na kumkuta akiwa na miaka saba anahitaji muda wa kumzoea tena.

Hati zinazofungua mlango

Mpakani, upendo wa mama hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni karatasi. Ya kwanza ni hati ya kuzaliwa. Tusiridhike na ile karatasi inayotolewa na hospitali au kituo cha afya siku ya kuzaliwa. Hiyo ni ushuhuda wa kuzaliwa tu. Inatakiwa ipelekwe kwa ofisi ya état civil katika siku 90 ili hati yenyewe itolewe. Siku hizo zikipita, inabidi kupitia mahakama ili kupata hukumu inayoitwa jugement supplétif, na hapo kazi na gharama zinaongezeka.

Tumfikirie mama aliyejifungua katika mwezi wa kukimbia. Hakuandikisha mtoto Kongo kwa sababu ofisi zilifungwa, wala hakumwandikisha ng'ambo kwa sababu hakujua kwamba inawezekana. Siku anaporudi, hana kitu cha kuonyesha kwamba mtoto aliye mgongoni ni wake wala kwamba ni Mkongomani. Mtoto aliyezaliwa kambini ana haki ya kuandikishwa katika nchi aliyozaliwa, na kumwandikisha huko hakumfanyi kuwa raia wa nchi hiyo. Kunathibitisha tu kwamba alizaliwa, lini, wapi, na kwa nani.

Karatasi ya pili ni ya ruhusa. Mtoto anayevuka bila mzazi wake, hata akiwa na mjomba au mchungaji, kwa kawaida ataulizwa barua ya wazazi. Afisa wa DGM anayeuliza hivyo si adui wa familia. Anafanya kazi ya kuzuia wizi wa watoto. Kwa sababu hiyo tusikubali kamwe kumvusha mtoto kwa njia za panya, tukisema nia yetu ni njema. Mwenye nia mbaya hupita njia ileile, na mtoto hawezi kututofautisha.

Kanisa la mahali lifanye nini

La kwanza ni kujua. Mchungaji pamoja na wazee na bamama wanaotembelea nyumba wanaweza kuwa na daftari la watoto wanaoishi bila mama wala baba: mtoto ni nani, yuko kwa nani, alifikaje, mama alisikika mwisho lini. Daftari hilo litunzwe kwa siri. Halisomwi mimbarani.

La pili ni kupeleka habari mahali panapofaa: Croix-Rouge ya komine au teritware, DIVAS ambayo ni ofisi ya serikali ya mambo ya jamii, au RECOPE, zile kamati za mtaa za kulinda watoto. Hapa Bukavu shirika la BVES pia limetunza kwa miaka mingi watoto waliotengwa na jamaa zao na waliotoka katika makundi ya silaha. Kanisa haliwezi kufanya kazi yao yote, lakini linaweza kumsindikiza bibi mzee asiyejua kuandika mpaka kwenye meza yao.

La tatu ni kumlea mtoto ndani ya familia. Kuna mpango wa familia za kupokea kwa muda, ambamo mtoto anakaa katika nyumba ya kawaida huku mama akitafutwa. Washirika wetu wanaweza kujitolea kwa kazi hii. Ndugu wasitenganishwe. Jina la mtoto lisibadilishwe, hata kama nia ni kumpa jina la Biblia. Apelekwe shule kama watoto wa nyumba, wala asifanywe mtumishi wa kuteka maji na kulea wadogo.

La nne ni kulinda picha yake. Tumezoea kuweka picha ya mtoto aliyepotea katika makundi ya WhatsApp, na mara nyingine inasaidia. Lakini picha yenye jina, mtaa na namba ya simu inamfikia pia mwenye nia mbaya, na kuna watoto ambao wazazi wao wanatafutwa na watu wenye silaha. Tena mama anayemtafuta mtoto anaweza kupigiwa simu na mtu asiyemjua: "Ninaye mtoto wako, tuma pesa kwa simu." Tuwaambie bamama wasitume kitu. Wapeleke habari hiyo kwa wanaofanya utafutaji.

La tano ni gumu, lakini lazima lisemwe. Mtoto aliyeachwa kwa ndugu ndiye wa kwanza kushitakiwa uchawi pale ugonjwa au ukosefu wa pesa unapoingia nyumbani. Hana mama wa kumtetea. Na mara nyingine shitaka hilo linathibitishwa katika chumba cha maombi, na mtu anayejiita mtumishi wa Mungu. Mtoto anafungiwa, ananyimwa chakula, anapigwa ili akiri. Hilo ni kosa mbele ya sheria ya nchi, na ni dhambi mbele ya Yule aliyemweka mtoto katikati ya wanafunzi wake. Kanisa linalosikia shitaka la namna hiyo limtoe mtoto katika hatari kwanza, ndipo lizungumze na jamaa.

Wakati wa kungoja

Mtoto anapouliza mama yuko wapi, tunapenda kumtuliza kwa kusema atakuja kesho. Kesho ikipita mara kumi, mtoto anajifunza kwamba watu wazima wanadanganya, au kwamba yeye ndiye aliyemkosea mama. Afadhali kumwambia ukweli kwa maneno ya umri wake: "Mama alikimbia vita akafika ng'ambo. Hakukutupa. Tunamtafuta. Hatujui siku."

Kama simu inafika, siku moja ya juma iwekwe ya kuongea, na isivunjwe bila sababu. Sauti ya mama iliyorekodiwa isifutwe. Kitenge chake kisiuzwe. Jina lake litajwe katika maombi ya nyumbani, ili mtoto asione kwamba kumtaja ni vibaya. Mama mlezi asiogope kwamba kwa kufanya hivyo atapendwa kidogo. Mtoto ana moyo wa kutosha kwa mama wawili.

Naye mama aliye ng'ambo anahitaji uchungaji. Mara nyingi anabeba maneno ya watu: mama gani anaacha mtoto wake? Biblia inamjua mama kama huyo. Yokebedi alimweka mwanawe juu ya maji kwa sababu nchi kavu ilikuwa ya hatari kuliko mto. Hakuna mahali katika Kutoka 2 ambapo analaumiwa. Tena tumwangalie Miriamu, msichana aliyesimama mbali kidogo kuona yatakayompata mdogo wake. Alijua mtoto alikoishia na alijua mama alipo, na kwa kusema neno moja kwa wakati wake akawaunganisha. Huo ndio utumishi ambao kanisa linaitiwa: kusimama pale mtoni, kuangalia, na kujua mama yuko wapi.

Kabla ya siku ya kukimbia

Hakuna anayejua bariyeri itafungwa lini tena. Kwa hiyo, wapendwa, kuna mambo ambayo kila nyumba inaweza kuyafanya juma hili. Mfundishe mtoto majina yake yote, majina ya wazazi wake na ya mtaa wake, kama anavyofundishwa mstari wa shule ya Jumapili. Mfundishe namba moja ya simu kwa kichwa, maana karatasi hulowa na simu huibiwa. Peleka mtoto mchanga aandikishwe kabla siku 90 hazijaisha. Acha nakala ya hati zake kwa mtu mwingine unayemwamini, mbali na nyumba yako. Kubalianeni jamaa nzima: tukipotezana, kila mmoja apeleke habari kwa mtu fulani wa mji fulani. Na mama anayevuka asubuhi aseme nyumbani anakokwenda, na nani atamchukua mtoto asiporudi jioni.

Yusufu na Mariamu walipompoteza mwana wao wa miaka 12, Luka 2 inasema walimtafuta kwanza kati ya jamaa na rafiki, kisha wakarudi njia yote hadi Yerusalemu, mahali walipokuwa naye mwisho. Siku ya tatu walimkuta. Kwa wengi wa bamama zetu siku ya tatu imekwisha kupita, na mwezi wa tatu pia. Tusiwaache watafute peke yao. Jumapili hii, baada ya ibada, mwulize yule bibi anayekaa na wajukuu watatu: je, mama yao ameandikishwa mahali? Asipojua jibu, mwende naye Jumatatu.